Kaka yangu kaanguka saiti, kasainishwa karatasi akiwa wodini. Bado ana haki?

Timazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu nimekwama.

Kaka yangu ni fundi mbao, kazi yake kufunga na kufungua mbao za zege. Wiki saba zilizopita walikuwa ghorofa ya tatu wanafungua mbao chini ya slabu. Jukwaa walilosimamia lilikuwa na mbao mbili za kukanyagia, na upande wa nje hakukuwa na reli ya kumzuia mtu. Ubao mmoja haukuwa umefungwa. Ukateleza, kaka akaenda nao. Aliangukia miguu. Kisigino cha kulia kimesagika, wamemwekea vyuma.

Siku ya tisa, akiwa bado wodini, akaja yule jamaa aliyempa kazi pamoja na karani wa saiti. Wana bahasha na karatasi. Wakamwambia ni ya kuonyesha tu kwamba amepokea hela ya dawa. Kaka alikuwa ametoka kuchomwa sindano ya maumivu, akasaini. Jioni nilipoisoma nikakuta imeandikwa kwamba amepokea malipo kamili na ya mwisho, na hatakuwa na dai lolote juu ya kampuni, mawakala wake wala mwenye mradi.

Sasa mgongo ukaanza kumuuma. Tukadhani ni kulala sana. Wiki iliyopita wakampiga eksirei nyingine, pingili moja ya uti wa mgongo ina ufa. Daktari anasema kazi ya kupanda huenda akaiaga. Ana miaka 34 na watoto watatu.

Nikimpigia jamaa ananijibu karatasi inajieleza. Nikienda kampuni wananiambia huyo si mtu wetu, ni wa fulani. Naomba kujua: ile karatasi imeshaua haki yake? Na tunamdai nani? Wakili wa kulipa hatuna.

---

Mama Wawili

Pole sana ndugu. Mpe pole na mgonjwa. Usiichane hiyo karatasi hata kwa hasira, piga picha nakala zake. Nitarudi kuandika, haya mambo nimeyapitia kwa msiba.

---

Fomeni Mstaafu

Kijana, mimi nimesimamia saiti miaka 22. Nitakuambia kinachofanyika mtu akianguka, kwa sababu nimekiona na kuna siku nilinyamaza nikiwa ninajua.

Kwanza jukwaa linarekebishwa. Saa hiyo hiyo, kabla hata gari la wagonjwa halijatoka getini, kuna mtu anatumwa kufunga reli na kuongeza mbao. Kesho yake akija mkaguzi anakuta jukwaa zuri kabisa. Baada ya hapo linaguswa daftari. Jina la aliyeumia linahamishiwa kwenye karatasi ya "wageni wa siku" au linatoweka. Kisha wenzake wanaitwa mmoja mmoja na kuulizwa kama wanataka kuendelea na kazi.

Kwa hiyo achana kwanza na simu za kumbembeleza huyo jamaa. Tafuta vitu ambavyo hawawezi kuvifuta. Daftari la mlinzi getini mara nyingi ni tofauti na la karani, na watu husahau kulibadilisha. Miamala ya malipo ya wiki kwenye simu ya kaka yako: nani alituma, tarehe zipi. Jumbe za kumwita kazini. Picha walizopiga wenyewe wakiwa juu, vijana siku hizi hupiga sana, na nyuma ya mtu huwa linaonekana jukwaa, bango la mradi, hata jina la kampuni kwenye helmeti. Helmeti yenyewe mnayo? Viatu alivyoanguka navyo? Msivifue.

Na muhimu kuliko yote, nani alikuwa naye juu ya ule ubao?

---

Timazi

Shikamoo mzee. Alikuwa na saidia fundi wake, kijana mdogo. Bado yupo saiti pale pale. Nilimwomba aandike alichokiona, akaniambia "kaka, nikiandika kesho sina kazi." Sikumlazimisha.

Helmeti ipo nyumbani. Ina nembo ya kampuni inayosema haimjui.

---

Dada wa Dawati

Timazi, pole sana. Mimi ni msaidizi wa kisheria, nakaa dawati la msaada wa bure kwa wafanyakazi. Si wakili, na nchi zetu zina sheria tofauti, kwa hiyo nitakayosema yapeleke kwa mtu wa huko uliko ayapime. Ila yapo mambo yanayofanana karibu kila mahali.

Kuhusu karatasi. Sheria nyingi za fidia kwa wafanyakazi zina kifungu kinachosema makubaliano ya kumnyima mfanyakazi kile alichopewa na sheria ni batili, hata kama amesaini kwa hiari. Kwingine makubaliano ya namna hiyo hayana nguvu mpaka yapitishwe na ofisa wa kazi au mahakama. Na hata pasipo na kifungu hicho, kuna maswali ya kawaida ya mkataba: alijua anasaini nini? Aliambiwa ukweli? Alikuwa na akili yake timamu baada ya sindano? Alipata nafasi ya kuuliza mtu? Ombeni hospitali nakala ya chati ya dawa ya siku ile, ionyeshe sindano gani na saa ngapi. Andikeni pia jina la muuguzi wa zamu, kama aliwaona wale wageni. Kiasi alichopokea msikikane. Kitahesabiwa na kupunguzwa kwenye atakachopata, basi.

Kuna jingine watu hawalijui. Fidia ya ulemavu haipaswi kufungwa kabla jeraha halijatulia. Siku ya tisa hakuna daktari duniani anayeweza kusema kisigino kilichosagika kitaishia wapi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 17 wa mwaka 1925 uliweka kwamba fidia ya ulemavu wa kudumu au ya kifo ilipwe kwa vipindi, na kwamba kulipa kwa mkupuo mmoja kuruhusiwe pale tu mamlaka inaporidhika kwamba fedha hizo zitatumiwa vizuri. Karibu miaka 100 iliyopita walishaiona hatari ya bahasha. Mkataba huo huo unataka malipo ya kushindwa kufanya kazi yaanze si zaidi ya siku ya tano tangu ajali, matibabu yagharimiwe, na anayehitaji mtu wa kumhudumia muda wote aongezewe. Angalia kama nchi yako imeuridhia, na hata kama haijauridhia, sheria yenu huenda imechota humo.

Sasa njia za kudai. Kuna njia mbili, na watu huzichanganya mpaka wanapoteza zote.

Ya kwanza ni fidia isiyouliza kosa. Umeumia kazini, kwa kazi, unalipwa. Huhitaji kuthibitisha kwamba tajiri alikosea, na yeye hawezi kukwepa kwa kusema ulizembea kidogo. Ujerumani ilianza na bima ya ajali mwaka 1884, Uingereza ikafuata na sheria yake mwaka 1897, na nchi nyingi leo zina ama mfuko wa taifa ama bima ambayo mwajiri analazimishwa kukata. Ubaya wake ni kwamba malipo yana kikomo, na maumivu yenyewe kwa kawaida hayahesabiwi.

Ya pili ni kesi ya uzembe. Hapo unathibitisha kosa: jukwaa bila reli, ubao usiofungwa, kutumwa juu bila mkanda wa usalama. Inachukua muda, lakini inaweza kulipa hasara yote. Zipo nchi zinazoruhusu njia zote mbili, zipo zinazokwambia ukishika ya kwanza kwa mwajiri wako ya pili imefungwa, ila bado unaweza kumshtaki mtu wa tatu, kwa mfano kampuni nyingine iliyofunga lile jukwaa. Ndiyo maana swali lako la "tunamdai nani" ni zito kuliko la karatasi.

---

Mkata Nondo

Samahani wakuu, mimi nitasema tofauti kidogo, msinielewe vibaya. Nipo kwenye kazi hizi. Fundi mwenye uzoefu anaona jukwaa halina reli, anapanda. Ubao haujafungwa, na yeye ni fundi mbao, angeufunga. Mimi naogopa wakifika mbele wataulizwa hilo, na sijui watajibu nini.

---

Dada wa Dawati

Mkata Nondo, umeuliza swali ambalo wakili wa kampuni atauliza, kwa hiyo ni vizuri tulijibu hapa.

Zamani jibu lilikuwa baya. Mwaka 1837 Uingereza kijana mmoja aliyefanya kazi kwa muuza nyama alivunjika paja, gari la kukokotwa lilipojazwa mzigo kupita kiasi likakatika. Mahakama ikamnyima. Kutoka hapo ikakua kanuni kwamba tajiri hawajibiki kwa kosa la mfanyakazi mwenzako, na kwamba aliyekubali kazi amekubali hatari zake. Maelfu walivunjika na kurudi makwao mikono mitupu kwa kanuni hiyo.

Lakini mwaka 1891 ikaja kesi ya mtu wa ujenzi kama ninyi. Alikuwa anatoboa mwamba kwenye ujenzi wa reli, na kreni ilikuwa inapitisha mawe juu ya vichwa vyao. Alijua. Mwenzake alishalalamika naye akisikia. Jiwe likaanguka likamuumiza. Baraza la Malodi, ambalo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, likasema kuijua hatari na kuendelea na kazi si sawa na kukubali kuibeba hasara yake. Mwaka 1937 Baraza hilo hilo likaweka wazi kwamba mwajiri ana wajibu wa kutoa watu wenye ujuzi, vifaa vinavyofaa na utaratibu salama wa kazi, na wajibu huo hauvuki kwenda kwa fomeni au kwa mtu mwingine. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza bado zinazitumia kesi hizi.

Kwa hiyo kaka akiulizwa "kwa nini ulipanda", ajibu ukweli. Nani alimtuma, aliambiwa kazi iishe lini, kulikuwa na jukwaa jingine, kulikuwa na mkanda stoo, nini kiliwapata waliokataa kabla yake. Mahakama ikiona naye ana sehemu ya kosa, mara nyingi itapunguza fidia kwa kiasi cha sehemu hiyo. Na kwenye ile njia ya kwanza, uzembe wa kawaida haumwondolei haki.

---

Fomeni Mstaafu

Naongeza kwa Mkata Nondo. Mwanangu, umesema kweli kwamba fundi anaona. Anaona pia kwamba nje ya geti wamesimama watu 40 wanaosubiri nafasi yake. Mimi ndiye niliyekuwa nawatuma. Najua nilichokuwa nawaambia wakisita.

---

Mkata Nondo

Nimekuelewa mzee. Hilo la waliosita naomba Timazi amuulize kaka yake leo hii kabla hajasahau majina.

---

Timazi

Nimemuuliza. Anasema kuna fundi alikataa kupanda asubuhi ile, akapelekwa kuchanganya zege chini kwa malipo ya kibarua. Nina jina lake.

Dada, nisaidie hilo la mwajiri. Kampuni kubwa ina mradi. Ikampa kazi ya mbao kampuni ndogo. Kampuni ndogo ikampa huyu jamaa ambaye hana hata ofisi, yeye anakusanya vijana tu. Kaka hana mkataba wa maandishi.

---

Dada wa Dawati

Huo ndio mnyororo wenyewe, na umetengenezwa hivyo ili ukishika pete moja ikukatikie mkononi. Usishike moja.

Kutokuwa na maandishi hakumfanyi kuwa mtu huru wa kujiajiri. Ofisa wa kazi na mahakama hutazama mambo yalivyo: nani alimpangia saa za kufika, nani alimpa vifaa, nani alikuwa na uwezo wa kumfukuza, alilipwa kwa siku au kwa kazi yote aliyoikadiria mwenyewe. Fundi anayefika saa moja, anaandikwa getini, anavaa helmeti ya kampuni na kuelekezwa na fomeni wa kampuni ni mfanyakazi, hata kama kwenye vitabu wamemwita mkandarasi.

Halafu kuna Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 167 wa mwaka 1988, huu ni wa ujenzi peke yake. Unasema pakiwa na waajiri wawili au zaidi kwenye saiti moja, mkandarasi mkuu au anayedhibiti saiti ndiye anayeratibu hatua za usalama na kuhakikisha zinafuatwa. Unasema vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri bila mfanyakazi kulipa. Unampa mfanyakazi haki ya kujiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akimjulisha msimamizi wake. Sheria za nchi nyingi zina maneno yanayokaribiana na haya. Zipo pia zinazosema wazi kwamba mkandarasi mdogo akishindwa kulipa fidia, mkuu analipa kisha atajua mwenyewe namna ya kumdai mwenzake.

Unachofanya: andika barua moja ya taarifa ya ajali, peleka nakala kwa jamaa, kwa kampuni ndogo, kwa kampuni kubwa na kwa mwenye mradi. Kila mmoja agonge mhuri wa kupokea au tuma kwa njia inayoacha ushahidi. Humo taja tarehe, saa, mahali, kilichotokea, majeraha yote pamoja na mgongo. Usitaje kiasi cha fedha. Omba jina la bima yao. Nakala nyingine ipeleke ofisi ya kazi na kwa wakaguzi wa usalama. Mwajiri ndiye anayepaswa kutoa taarifa ya ajali kubwa, lakini asipotoa, aliyeumia au familia yake anaweza kwenda mwenyewe. Nenda wiki hii. Kila njia ina ukomo wa muda. Kwingine unahesabika kwa miezi, kwingine miaka, na saa ilianza kukimbia siku aliyoanguka.

Kama yupo mtu hapa anasoma na ndugu yake aliumia akiwa nchi ya ugenini: usidhani hana haki kwa kuwa si raia. Mkataba wa Shirika hilo hilo namba 19 wa mwaka 1925 unataka raia wa nchi zilizouridhia watendewe sawa na wenyeji katika fidia za ajali.

---

Mkunga wa Mifupa

Nafanya tiba ya viungo, naongea upande wa hospitali tu.

Mtu akianguka kutoka juu akatua kwa visigino, nguvu inapanda mguu hadi kiunoni. Kisigino kilichosagika na ufa wa pingili za kiuno ni ndugu wanaojulikana, ndiyo maana tunafundishwa kuuangalia mgongo hata kama mgonjwa halalamiki. Kwa hiyo wakisema ufa huo kaupata nyumbani, mwombeni daktari aandike kwenye ripoti kwamba majeraha yote mawili yanaendana na anguko lile. Sentensi hiyo moja ina thamani kubwa.

Angalieni pia faili la siku ya kwanza limeandikwaje. Nimeona mafaili yameandikwa "ameteleza" kwa sababu aliyemleta mgonjwa alikuwa mtu wa kampuni na ndiye aliyetoa maelezo. Mkikuta hivyo msilazimishe lifutwe. Mgonjwa aeleze upya, daktari aongeze maelezo mapya kwa tarehe mpya.

Asilimia ya ulemavu ipimwe hali ikishatulia, na ikiwa hamkubaliani nayo, ombeni daktari mwingine. Fundi wa kupanda na mtu wa dawatini wanaweza kupewa asilimia ile ile kwa kisigino kile kile, lakini kazi waliyopoteza si moja. Daktari aandike asichoweza kufanya: kupanda ngazi, kuchuchumaa, kubeba, kusimama muda gani.

---

Mama Wawili

Nimerudi kama nilivyoahidi. Mume wangu alifukiwa na udongo kwenye mtaro wa msingi ambao kuta zake hazikuwa zimezuiwa. Hakutoka.

Siku ya mazishi walileta jeneza, usafiri, na maneno mazuri sana. Nikashukuru. Nilidhani hiyo ndiyo fidia. Miezi minne baadaye ndipo mama mmoja wa chama cha wafanyakazi akaniuliza kama nimedai kwa niaba ya watoto. Sikuwa najua kwamba mjane na watoto wana haki yao wenyewe, tofauti na gharama za mazishi. Nikaanza kutafuta vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, ripoti ya uchunguzi wa maiti, na nusu ya waliokuwepo walikuwa wameshahamia saiti nyingine.

Nilipata, lakini baada ya miaka. Watoto wanalipiwa shule kwa hela hiyo. Naandika ili mwingine asisubiri kama mimi. Timazi, kaka yako yupo hai, mshukuru Mungu, na fanya haraka.

---

Fomeni Mstaafu

Pole sana mama. Mtaro usio na ngome ni kaburi lililochimbwa tayari. Sina neno zaidi.

---

Timazi

Pole sana dada. Asante kwa kuandika, najua si rahisi.

Swali la wakili limebaki. Leo kuna mtu alinifuata nje ya wodi, anajiita wakili, anataka kaka asaini fomu kwamba yeye atachukua nusu.

---

Dada wa Dawati

Asisaini. Wakili wa kweli hawindi wagonjwa kwenye korido. Hao wengi ni madalali au vishoka. Mwulize namba yake ya usajili, kisha ihakiki kwenye chama cha mawakili au mahakama, wanayo orodha. Malipo ya asilimia baada ya kushinda yanaruhusiwa nchi nyingine na kukatazwa nyingine, na yanaporuhusiwa mara nyingi yana kikomo. Nusu ni nyingi mno kwa dai la fidia ambalo huenda likaisha kwa fomu na barua.

Kwa dai la njia ya kwanza mara nyingi huhitaji wakili kabisa mpaka pale litakapokataliwa. Jaribu chama cha wafanyakazi wa ujenzi hata kama kaka si mwanachama, kliniki za sheria za vyuo vikuu, ofisi ya msaada wa kisheria ya serikali, mashirika ya haki za binadamu. Njia ya uzembe ndiyo ya wakili, na ukimpata hakikisha makubaliano ni ya maandishi, yanasema asilimia ya nini, gharama za wataalamu analipa nani, na fedha zikitoka zinaingia akaunti ya nani.

Kuhusu yule saidia fundi. Usimsukume. Mwambie ofisa wa kazi kwamba yupo shahidi anayeogopa, wakaguzi wana njia ya kuhoji watu wote wa saiti bila kuonyesha nani kaanza kusema.

---

Timazi

Mrejesho, wakuu. Siku kumi na mbili zimepita.

Barua nne zimepokelewa, tatu zina mhuri, jamaa alikataa kugonga nikamtumia picha ya barua kwenye simu na alama ya kusomwa ipo. Kampuni kubwa ilibadilika siku hiyo hiyo. Wakapiga wao, wakauliza hali ya mgonjwa, wakaomba tukutane "kifamilia". Niliwajibu tutakutana ofisi ya kazi.

Mlinzi wa getini ni mzee muungwana. Daftari lake lina jina la kaka siku 61, hadi asubuhi ya ajali. Ofisa amelichukua kwa hati. Kuhusu karatasi, alisema kwao haizuii dai la fidia, na akaiweka kwenye faili kama ushahidi dhidi yao. Daktari ameandika ile sentensi ya mgongo. Upimaji wa ulemavu tumeambiwa baada ya miezi sita, kwa sasa linashughulikiwa dai la mshahara wa muda aliokaa nje ya kazi na matibabu.

Jana usiku yule saidia fundi alikuja nyumbani kumwona kaka. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema ule ubao aliuleta yeye, fomeni alimwambia asipoteze muda kuufunga. Amekuwa akidhani kosa ni lake. Kaka akamshika mkono akamwambia si lako. Kesho saa mbili naenda naye ofisi ya kazi, amesema ataandika yote.